Sinia la Kumi na Moja

Jumamosi, 12 Aprili 2025

Mtaa wa Kibokoni nimeumaliza. Nyumba kumi na sita, kila moja na ngazi zake. Goti la kushoto halitaki kusikia jina langu.

Bado wiki mbili kamili harusi ya Mona. Mjukuu wangu wa kwanza, kwa mwanangu wa kiume. Na ndugu wote wa kike ni mimi wa kuwaalika — kwa mdomo, mlangoni kwa mtu, yeye mwenyewe akisikia. Si kadi. Si simu. Ndugu ukimpelekea kadi atakushukuru vizuri sana, halafu siku yenyewe yuko kwake amekunja miguu. Na haki ni yake. Majirani, watu wa kazini, rafiki zake Mona — hao kadi yawatosha.

Sheikha, mdogo wangu, alitaka tugawane mitaa. Nimekataa. Sheikha akialika hunywa chai kila nyumba. Mpaka adhana ya magharibi ana nyumba mbili na tumbo limejaa.

Bayan, mdogo wake Mona, ndiye mwandishi. Amekaa juu ya kitanda changu, kompyuta mapajani, na viatu vyake. Nimemwambia avue. Kavua kimoja. Kila nikirudi huniuliza: nani, mtaa gani, kasemaje. Mtu mmoja, mstari mmoja. Mstari umekatwa vyumba vyumba — jina, mtaa, ndugu au mgeni, kaalikwa vipi, jibu lake. Anayekuja humwandikia "yuwaja", kama nisemavyo mimi. Nimemwuliza mbona haandiki Kiswahili cha shuleni. Ati kompyuta haijali, nyanya.

Jumapili, 13 Aprili

Kuze na Mkanyageni. Bi Swafiya hawezi, miguu imemvimba. Na mkwe wake naye hawezi, yuwaenda Lamu kwa mamake. Wengine wote waja, alhamdulillahi.

Jioni Sheikha kapita. Hakukaa hata dakika mbili akauliza: na Tononoka?

Nikamwambia Tononoka ni mbali.

Akanitazama. Kutoka mlango huu hadi Tononoka ni mwendo wa robo saa, kwa goti langu nusu saa. Sheikha ajua. Nami najua kuwa ajua. Nikamwuliza kama atakunywa chai.

Jumatatu, 14 Aprili

Chonga, mpishi, kapiga simu. Ataka idadi ya masinia ya ndugu. Wageni wako ukumbini na sahani zao, hao hawamsumbui. Lakini ndugu wako huku juu kwangu, wanne kwa kila sinia, kama tulivyokaa siku zote. Hapo hapana kubahatisha. Sinia halianzwi mpaka wanne wake watimie, na wa tano hana pa kukaa.

Nimemwambia kumi na moja. Nimewahesabu kichwani, kwa nyumba. Arobaini na nne.

Bayan kasema ngoja nyanya, tuiulize kompyuta. Kaiuliza. Imesema mia mbili na kumi na mbili!

Nimecheka mpaka nikashika ukuta. Kumbe imewahesabu wote walioandikiwa "yuwaja", ndugu na wageni, hadi fundi wa taa. Ameipa neno moja tu. Kuipa maneno mawili pamoja hajui. Asema kuna rafiki yake wa kazini ajua, kesho atamleta.

Jumanne, 15 Aprili

Kaja huyo rafiki. Nanjala. Mtu wa bara, mrefu, kainama mlangoni kwangu kama aliyezoea. Yeye na Bayan wako ofisi moja, ya kutoa mizigo bandarini. Kavua viatu bila kuambiwa. Vyote viwili. Nikamwambia Bayan atazame.

Nikamwuliza ameolewa? La. Mbona? Akasema, nyanya, hata chai hujanipa. Nimempenda papo hapo.

Basi kanieleza. Hesabu yenyewe jina lake kauntifs. Waipa safu na neno lake, safu nyingine na neno lake, na maneno yote wayatia katikati ya alama za kunukuu, mbili mbili, kama vijicho. Mstari hauhesabiwi mpaka maneno yote yawe ya kweli kwa mtu huyo huyo mmoja. Aliponiona uso kuwa sijaelewa, akauliza: ukienda Marikiti, nazi waichaguaje? Nikamwambia iwe nzito, ukiitikisa ilie maji, isiwe na ufa. Na ikiwa nzito, na yalia, lakini ina ufa? Nairudisha, nimpe na maneno yake aliyeniuzia. Akasema basi ndiyo hiyo, nyanya. Kompyuta nayo yarudisha.

Miaka yote hii nafanya kauntifs sokoni, hakuna aliyeniambia.

Bayan akaandika. Ndugu. Kwa mdomo. Yuwaja. Ikatoka arobaini na tatu.

Nikasema haikula mchana hiyo mashine yenu. Nikawataja tena kwa sauti, nyumba kwa nyumba, Nanjala akinikunjia vidole vyake. Arobaini na nne. Akaiandika upya. Arobaini na tatu. Nikamwambia mimi ndiye niliyepanda ngazi, si yeye. Akacheka. Bayan hakucheka. Bayan alikuwa akichokonoa shuka.

Nanjala akasema tuvue neno moja moja, tuone ni lipi linalomtoa mtu. Akaacha "ndugu" peke yake: arobaini na sita. Tukawatoa wawili wasioweza, Bi Swafiya na mkwewe. Arobaini na nne. Nikasema, mwaona? Akairudisha "kwa mdomo". Arobaini na tatu.

Akasema basi kuna ndugu mmoja hukumwalika kwa mdomo, nyanya.

Nikasema hakuna.

Naye mtoto wa watu hajui kitu. Akasema tumtafute. Akaandika "ndugu", kisha kwa safu ya mwaliko akaandika vile vijicho vyenyewe vimegusana, ndani hamna kitu. Kumbe hata chumba kitupu chahesabika ukijua kukiuliza. Ikatoka moja. Akateremka na mistari, mmoja mmoja, mpaka akaufikia.

Malak Yeslam. Tononoka. Ndugu. Halafu vyumba viwili vyeupe.

Bayan akasema: nilimwandika siku ya kwanza kabisa, nyanya. Kumwacha sikuweza. Kukuuliza sikuweza.

Nami siku zote hizi nimemhesabu na sijui kama nimemhesabu. Nikimaliza Makadara ulimi wajiendea wenyewe — Tononoka, mmoja.

Nanjala akauliza, Malak ni nani?

Nikamwambia ni mwanangu. Nikaenda jikoni kutia chai.

Jumatano, 16 Aprili

Leo sikutoka. Nimelitoa sinia letu la shaba uvunguni, nimelisugua kwa ndimu na majivu.

Shule mimi sikutia mguu. Wa kunifunza kuandika ni Malak, akiwa darasa la tatu. Alikuwa akiiba vipande vya chaki, akirudi aligeuza sinia hili kifudifudi sakafuni, akaniandikia mgongoni mwake. Mama, hii ni B, ina matumbo mawili. Mama, si hivyo, umeandika kama mtu aliyeanguka. Alinipiga kwa rula ya mti mkononi, kama mwalimu wake. Nami nilimwacha anipige! Nikikosea nilifuta kwa kanga, na kanga zangu zote zilikuwa nyeupe pale kiunoni. Nimelitazama mgongo wake leo. Hakuna hata doa la chaki. Nalisugua vizuri mno, ndiyo taabu yangu.

Neno nililolisema naliandika hapa, kwa vile humu hakuna anayesoma.

Siku Yeslam, mume wangu, alipokufa, miaka sita sasa, maiti yuko chini anakoshwa. Mutunga kaja, mumewe Malak. Mkamba, mtu wa reli, alisilimu kabla ya ndoa, na Yeslam akimpenda kuliko nilivyompenda mimi. Alitaka kushuka kaburini kumpokea mkwewe. Mimi, mbele ya chumba kizima cha wanawake, nikamwambia Malak: mwambie mumeo asishuke. Kaburini hushuka wa ndani.

Hakunisukuma mtu. Sheikha alinivuta nguo ninyamaze, nikaivuta nguo yangu. Malak hakunijibu. Akavaa buibui lake, akatoka. Hata hitima hakurudi.

Nilingoja aje yeye kwanza kwa sababu mimi ndiye mama. Naye alikuwa na yake ya kungoja. Alizaa binti baada ya hapo. Asilah. Jina nimelipata kwa Bayan, ambaye huenda huko kila mwezi akidhani sijui.

Nani atanipiga kwa rula sasa.

Ijumaa, 18 Aprili

Nimevaa. Nimetoka. Nimefika Makadara, kwa Ziad wa halua, nikanunua robo, si vizuri kwenda mikono mitupu. Ziad akauliza, njia gani leo, mama? Nikamwambia Tononoka. Nikasimama pale kama mtu anayengoja chenji. Nikajiambia saa hizi wamelala mchana.

Nikarudi.

Halua tumeila na Bayan. Hakuuliza ilikuwa ya nani. Baadaye akasema polepole, nyanya, nimpigie simu mimi? Nikamwambia nyamaza ule.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimekwenda.

Asubuhi, bila halua, bila kumuaga mtu, nisije nikaulizwa njia gani. Ofisi zimefungwa, sikukuu ya Pasaka. Nyumba yao iko ghorofa ya pili, nyuma ya uwanja. Ngazi ishirini na nne. Nilizihesabu zote nipate kazi ya kichwani.

Aliyefungua ni Mutunga. Ameota mvi. Ana fulana na taulo begani, alikuwa akiosha vyombo. Alinitazama kama mtu aliyefungulia maji akatokewa na maziwa. Akasema, karibu mama. Akainama akanipokea mkono.

Akasema Malak katoka, kaenda Marikiti, atarudi saa yoyote. Akaniondolea nguo kitini nikae. Mtoto akachungulia pazia. Macho ya Yeslam, sawasawa, yale ya kukutilia shaka. Akauliza: wewe ndiye nyanya wa picha? Nikamwambia ndiye. Akasema, kwenye picha huna fimbo. Nikamwambia kwenye picha nilikuwa na adabu kidogo.

Mutunga akasema, mama, kama kuna ujumbe niache nami nitamfikishia.

Mwaliko hauachwi kwa mtu. Ajua. Alikuwa akinipa mlango wa kutokea, na mlango huo niliutamani, Mungu shahidi. Nikasema, wa Malak nitamwambia Malak. Lakini na wewe nina neno lako. Siku ile nilisema hukuwa wa ndani. Nilisema uongo, na nilijua ni uongo nilipokuwa nausema. Yeslam angekutaka wewe umshike kichwa.

Kazima jiko, hata sikujua lilikuwa linawaka. Akasema: mama, chai ya maziwa ama ya rangi?

Ya rangi.

Kisha akasema, mimi yale nilishayaweka chini. Aliyeyabeba ni yeye.

Malak aliona viatu vyangu kwanza, pale mlangoni. Nilimsikia akisimama. Mfuko wa mboga ukakwaruza ukuta. Kisha akavua vyake akaingia — ndala za kamba za buluu, kisigino kimoja kimelika, bado yuwatembea upande upande kama alipokuwa mdogo. Amenenepa. Amependeza. Ana miwani! Hakuna aliyeniambia ana miwani.

Sikusalimu. Nilihofu nikisalimu nitalia, na nikilia sitasema. Nikasimama na fimbo yangu, nikasema kama ninavyosema mlango wowote: Malak binti Yeslam, tuna furaha, Mona yuwaolewa Jumamosi hii, nimekuja kukualika wewe, ukae juu na ndugu zako.

Akaniuliza: umekuja kwa miguu?

Kwa miguu.

Na hilo goti?

Nimekuja nalo.

Akautazama mfuko wake. Nyanya na bilingani na kitunguu. Akasema: nimesikia, mama. Akaingia jikoni. Nikasikia maji yakimwagika muda mrefu, na mboga zile hazikuwa nyingi hivyo.

Chai niliimaliza yote. Hakutoka. Mutunga alinishika mkono ngazi zote ishirini na nne.

Jumanne, 22 Aprili

Bayan kafungua kompyuta. Kaandika "kwa mdomo" mbele ya Malak, kisha akanitazama. Na jibu, nyanya? Kasemaje?

Kasema nimesikia.

Hilo ni yuwaja?

Kwetu hilo si ndiyo na si la. Mtu husema nimesikia akiwa hajamaliza kujisikiliza mwenyewe. Bayan akauliza aandike "haji", ili hesabu ifunge. Nikamwambia akiandika haji nitamtupa yeye na mashine yake dirishani. Aandike yuwaja? Hilo nalo sikuthubutu. Nikamwambia andika "amesikia".

Akaandika. Akaiuliza tena. Arobaini na tatu. Mashine yataka "yuwaja" na hakuna lingine. Nimeizoea sasa. Haina ubaya, haijui tu kutamani.

Alhamisi, 24 Aprili

Chonga kaja mwenyewe. Arobaini na watatu kwa nne — kumi yatajaa, na la kumi na moja litakuwa na watatu. Ataka kujua nimtilie nani wa nne. Sheikha, aliyekuwa akikata vitunguu, akasema tumpandishe jirani. Ama Nanjala, mtoto mwenye adabu, tutasema ni ndugu yake Bayan.

Nikasema Nanjala atakula na mimi jikoni baadaye, nimeshamwahidi, na tumbo la kuku ni lake. Nafasi ile hakai mtu.

Sheikha akasema basi hao watatu wasile? Wamkodolee macho wali mpaka lini?

Nikamwambia wewe ni mmoja wao.

Akaweka kisu chini. Akasema, dada, mimi nina sukari. Nikamwambia ule kwanza kwako. Akanitukana, tukacheka, kisha akakishika tena kisu. Vitunguu vilitusaidia wote wawili.

Masinia kumi Chonga ameyakodi. La kumi na moja nimempa letu la shaba.

Jumamosi, 26 Aprili

Naandika haraka. Nimejifungia chumbani, ati nimefuata marashi.

Mona amependeza, siwezi kuandika. Biriani imepakuliwa. Masinia kumi yamezungukwa, kila moja wanne, yamekwisha kutiwa mikono. La shaba liko chini ya dirisha, na watatu wake — Sheikha, na wale binamu wawili wa Ndia Kuu. Mikono wameshakosha. Wameiweka mapajani. Sheikha hanitazami, na hajasema neno la sukari. Mimi mwenye shughuli siketi, nilikuwa nikipita na maji, na kila nikipita pale nauona upande wa nne wa sinia, wali wake haujaguswa, yai liko juu.

Nilishindwa kuendelea kupita. Ndiyo niko huku.

Tangu niingie nimesikia hodi mara tatu, nne. Hodi leo ni nyingi, za ndugu, za wageni waliopotea njia ya ukumbini. Vigelegele kidogo, kisha vimekatika. Huenda ni vya Mona. Mimi ninayeingia nyumba za watu bila kupepesa, kufungua mlango huu siwezi.

Bayan kagonga. Nyanya, wali wapoa. Nikamwambia kupitia mlangoni: shuka chini kwenye ngazi, unihesabie viatu vya ndugu. Hesabu kwa sauti. Alitaka kusema kitu, nikamkatiza. Jina sikutaka. Nambari nitaiweza.

Ameshuka. Ana sauti kubwa leo. Jozi moja. Mbili. Tatu. Mtu kamwuliza afanya nini, hakumjibu. Ishirini na sita. Afanya vizuri, hakimbilii. Thelathini na tano. Huku juu nao wasikiliza, hata vikombe havisikiki. Arobaini. Arobaini na moja. Arobaini na mbili. Arobaini na tatu.

Amesimama.

Nasikia akivuta benchi, yuwatazama nyuma yake. Kalamu naiweka.